Steringi hafi: habari za Manmohan Desai na ugomvi wangu na kaka

Nianze na ugomvi kwanza, Desai mwenyewe, dairekta wa picha za Kihindi, atafuata.

Ilikuwa 1991, Tanga. Stesheni za TV huku bara zilikuwa hata hazijaanza, kwa hiyo mtaani kwetu nyumba yenye deki ya video ilikuwa moja tu na mwenyewe alishaona hapo pana riziki, katoa makochi sebuleni kaweka mabenchi na mikeka, dirisha kalifunika na kanga nzito, mlangoni kamuweka mwanawe anakusanya viingilio kwenye kopo la maziwa. Jumamosi picha za Kihindi, Jumapili karate. Mimi na kaka tulikuwa watu wa Jumamosi.

Siku hiyo picha ilikuwa Coolie. Sisi tuliiita Kuli tu, na Tanga kuli si neno la kuulizia maana, nusu ya watoto waliokaa kwenye ule mkeka baba zao walikuwa makuli bandarini, kwa hiyo Amitabh Bachchan, ndiye steringi (shujaa wa picha), alipotokea na shati jekundu la wapagazi wa stesheni ya reli na kile kibati kimeandikwa 786 tulipiga kelele kama tumemuona mjomba. Na 786, namba ya Bismillahi, nani hakuijua, imebandikwa madukani, imeandikwa kwenye malori, bibi yangu alikuwa nayo juu ya mlango wa chumba chake.

Sasa katikati ya picha kuna ngumi, na katikati ya ngumi picha ikaganda. Imeganda kabisa, Amitabh hasogei, maandishi yametokea ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mwenye video akasema kanda imekwama, akainuka, akaipiga ile deki kibao kimoja cha ubavuni na ngumi zikaendelea pale pale. Akarudi kukaa kwa maringo, fundi. Wazee wawili wakampongeza.

Mwisho wa picha ndio uliotugombanisha. Adui ana bunduki, steringi anamfuata juu ya mnara kule kwenye kaburi la walii, anapigwa risasi, anapanda, anapigwa nyingine, anapanda, anaitamka kalima, sebule nzima imenyamaza hata watoto wa kunyonya wamenyamaza, na hapo hapo umeme ukakatika. Tukasubiri gizani mpaka joto likatushinda. Kanda ilikuwa ya kukodi, asubuhi ikarudi ilikotoka na haikuonekana tena mtaani.

Njiani kaka akasema kapona. Mimi nikasema risasi zote zile? Kafa huyo. Kaka akasema wewe mjinga, steringi hafi. Tukawekeana soda.

Basi mimi nimekuja kuimalizia Kuli nikiwa mtu mzima na watoto, na hapo ndipo nilipoanza kumfuatilia huyu bwana aliyeitengeneza, maana kwa miaka yote nilijua majina ya waigizaji tu, dairekta kwetu sisi hakuwa mtu. Nimesoma sana habari zake na kila nikisoma naona ule msemo wetu wa steringi hafi huyu bwana ndiye alikuwa mwenye kiwanda chake.

Manmohan Desai kazaliwa Bombay tarehe 26 Februari 1937, familia ya Kigujarati, na kazaliwa ndani ya sinema kabisa, baba yake Kikubhai Desai alikuwa na studio yake mwenyewe, Paramount (si ile ya Marekani). Angekua kitajiri tu kama watoto wa wenye studio. Lakini mtoto ana miaka minne baba akafariki, na kumbe nyuma kuna madeni, mali ikaenda, mama na watoto wakahama maisha ya raha wakaja kukaa Khetwadi, mtaa wa Girgaum, nyumba zimebanana, watu wamebanana, kelele usiku na mchana. Hapo ndipo alipokulia. Na hiki ndicho kitu nataka mkikumbuke tukifika kwenye zile stori zake: mtoto wa miaka minne, jana ana baba na nyumba kubwa, leo hana.

Kazi alianza kwa kuwa msaidizi wa Babubhai Mistry, bingwa wa picha za miungu na mazingaombwe, zile mtu anapaa, moto unatoka mkononi, enzi hizo hakuna kompyuta ni kamera, nyuzi na ujanja. Nadhani huko ndiko alikotoa ule moyo wa kutoogopa kitu kisichowezekana. Halafu kaka yake Subhash, prodyuza, akampa picha ya kwanza, Chhalia, ikatoka 1960. Kijana ana miaka ishirini na kitu anaongoza mastaa wakubwa, Raj Kapoor, na Nutan, na Pran! Na stori yenyewe tayari ni ya kupotea, mwanamke aliyebaki upande wa Pakistan nchi ilipogawanywa 1947, anarudi kwake India na mumewe hamtaki tena.

1963 akatoa Bluff Master na Shammi Kapoor, na humo kuna wimbo wa sikukuu ya Krishna, ile vijana wanapandiana mabegani kama ngazi mpaka waufikie mtungi wa mtindi uliotundikwa juu wauvunje. Dairekta mwingine angejenga mtaa wa mbao studio. Yeye kamchukua Shammi Kapoor kampeleka Khetwadi, mtaa aliokulia, kwenye watu wa kweli. Utauona ule umati, wamejaa mpaka madirishani, na nyuso zao si za watu waliolipwa kucheka.

Miaka ya katikati naipita haraka, nyingine zilipata nyingine zilikosa, Sachaa Jhutha ya 1970 na Rajesh Khanna ilipata sana, Roti 1974 pia. Tuje 1977.

Mwaka 1977 huyu mtu katoa picha nne. Nne! Dharam Veer, Chacha Bhatija, Parvarish na Amar Akbar Anthony, zote mwaka mmoja, zote zikapiga. Na zote ukizichambua ni watoto waliopotea, watoto waliobadilishwa, pacha waliotenganishwa, mtoto wa jambazi kalelewa kwa polisi. Dharam Veer kuna mtoto mchanga anaokolewa na mwewe. Ndiyo, mwewe. Parvarish inaishia kwenye nyambizi, usiniulize tumefikaje huko.

Amar Akbar Anthony ndiyo baba lao. Ndiyo ya kwanza kuitoa kwa pesa ya kampuni yake, na inasemekana wazo lake lilitoka gazetini, habari ya baba mlevi aliyewaacha watoto wake watatu kwenye bustani. Desai akaanza kujiuliza, sasa hawa watoto kila mmoja akiokotwa na mtu wake? Basi baba anawaacha watoto watatu chini ya sanamu ya Gandhi, tarehe 15 Agosti, siku ya uhuru. Mmoja anaokotwa na polisi Mhindu anakuwa Amar. Mmoja anaokotwa na fundi cherehani Muislamu anakuwa Akbar. Mmoja anaokotwa na padri anakuwa Anthony. Vinod Khanna, Rishi Kapoor, Amitabh. Mama yao, Nirupa Roy, kapofuka, anauza maua barabarani.

Miaka inapita, mama anagongwa na gari, anahitaji damu. Hospitalini wanatokea vijana watatu, hawajuani, hawamjui mama, kila mmoja anajitolea. Wanalazwa vitanda vitatu mstari mmoja, mama kalala mbele yao kitanda cha peke yake, mipira mitatu inatoka mikononi mwao inapanda juu kwenye chupa moja, na kutoka kwenye chupa mpira mmoja unashuka kwa mama. Hapo ndipo jina la picha linatokea. Wewe umeshakaa dakika ishirini na ushee unadhani picha imeanza zamani, kumbe ndio kwanza anakukaribisha.

Mke wangu ni nesi. Nilimuwekea hicho kipande makusudi. Akaangalia, akaangalia, akaniambia damu haipandi hivyo, halafu hawa hawajapimwa grupu, halafu chupa moja watu watatu, mnataka kumuua huyo mama? Nikamwambia endelea kuangalia. Baada ya kama dakika moja kimya nikageuka, machozi. Nikamuuliza vipi tena nesi. Akasema niache.

Hapo ndipo watu wengi wanapomkosea Desai. Kwetu mtu akikupa stori ya uongo unamwambia acha mambo ya picha la Kihindi, na nafikiri tukisema picha la Kihindi tunamsema yeye bila kumjua, mapacha, alama ya kuzaliwa, wimbo wa utotoni, mama kuona tena. (Amar Akbar Anthony mama anaona tena, mianga miwili inatoka kwenye macho ya sanamu ya Sai Baba wa Shirdi inaingia machoni mwake, Rishi Kapoor anaimba, basi.) Na watu wanadhani aliyetunga alikuwa hajui kuwa haiwezekani. Alijua sana! Mtu aliyefundishwa kazi na Babubhai Mistry atashindwa kujua damu inakwendaje? Yeye alikuwa hakutengenezei hospitali, alikuwa anakuonyesha watoto watatu wa dini tatu wanaingia kwenye mama mmoja, na mama mwenyewe humo kwenye picha anaitwa Bharati, kwa jina la nchi yao wenyewe, Bharat. Ukiieleza kwa hotuba watu watalala. Akaieleza kwa mipira ya damu watu wakalia, na wanalia mpaka leo.

Na tena kulikuwa na vichekesho humo, jamani. Amitabh kavaa suti na kofia ndefu anatoka ndani ya yai kubwa la Pasaka anaimba jina lake ni Anthony Gonsalves, jina ambalo mtunzi wa muziki Pyarelal alilitoa kwa mwalimu wake wa fidla. Au pale kapigwa, kalewa, anasimama mbele ya kioo kujitibu, anachukua dawa na plasta anakibandika kioo, anakionea huruma kabisa kile kioo. Filmfare, gazeti la sinema la India, walimpa tuzo ya muigizaji bora kwa picha hii.

Kuanzia hapo Desai na Amitabh wakawa kama chanda na pete, picha nane kwa jumla. Suhaag 1979, Naseeb 1981, Desh Premee 1982. Na pesa zote zile Desai hakuhama. Khetwadi pale pale. Staa mkubwa akitaka stori anapanda ngazi za Khetwadi. Inasemekana alikuwa anacheza kriketi barabarani na vijana wa mtaa, na mimi hilo naliamini, maana picha zake zimetengenezwa na mtu anayejua watu wa mabenchi ya mbele wanacheka wapi. Hawezi kukuacha dakika kumi bila kitu, wimbo, ngumi, kichekesho, mama analia, rudia tena.

Sasa tuje kwenye Kuli.

Tarehe 26 Julai 1982, Bangalore, wanapiga ngumi kati ya Amitabh na kijana mmoja mgeni kwenye fani, Puneet Issar. Mahesabu ya kuruka na kuangukia meza yakakosewa, Amitabh akaumia tumboni, ndani. Mwanzo ilionekana kitu kidogo, baadaye ikawa balaa, akafanyiwa operesheni, akasafirishwa kupelekwa Bombay hospitali ya Breach Candy, na tarehe 2 Agosti kuna dakika madaktari walishaona huyu amekwenda. Akarudi. India nzima ilisimama bwana, watu nje ya hospitali, misikitini dua, mahekaluni, makanisani, Indira Gandhi waziri mkuu akaenda kumuona. Yaani ile stori ya Amar Akbar Anthony, dini tatu na kitanda kimoja, ikatokea kweli, na safari hii aliyelala kitandani ni Anthony mwenyewe.

Januari 1983 Amitabh akarudi kazini. Na hapa ndipo nilipoacha kusoma nikakaa kwanza. Kwenye skripti ya mwanzo Iqbal, yaani yule kuli, anakufa. Risasi zile zilikuwa za kumuua. Desai kabadilisha. Alisema haifai, mtu katoka kupigana na kifo kikweli akashinda, halafu mimi nimuue kwenye picha? Kwa hiyo kwenye Kuli iliyotoka mwishoni mwa 1983 Iqbal anapigwa risasi pale Haji Ali, lile kaburi la walii, shuka la kaburi linapeperuka linamwangukia linamfunika, analazwa, watu wa kila dini wanamuombea, anapona.

Na ile picha kuganda? Kumbe si kanda. Ni Desai mwenyewe kaigandisha, na yale maandishi tuliyoshindwa kuyasoma yanasema hapa ndipo Amitabh alipoumia. Yule mzee wetu kaipiga deki kibao cha bure, na pongezi kazila.

Nimemfikiria sana Desai hapo. Ukiwa dairekta mwenye moyo mgumu ungesema skripti ni skripti, na wakosoaji wangekusifu, steringi akifa picha inaonekana ya maana zaidi sijui kwa nini. Lakini huyu alikuwa na miaka minne baba alipoondoka na hakuna aliyembadilishia mwisho. Miaka yote hiyo yeye anawarudishia watu mama zao, kaka zao, macho yao. Asingeweza kumuua yule kuli mbele ya watu waliokuwa wamesali kweli ili apone.

Baada ya Kuli akatoa Mard, 1985, na humo kuna Dara Singh juu ya farasi anaikamata ndege ya Waingereza kwa kamba. Ndege inataka kuruka, yeye anaivuta. Sitaki maoni. Ilipata pesa nyingi sana. Halafu 1988 Gangaa Jamunaa Saraswathi ikaanguka vibaya, mimi nimejaribu kuitetea nimeshindwa, ina mamba na kila kitu lakini mtengenezaji amechoka, inaonekana, vile vichekesho vinakuja kwa kuchelewa kama mtu anayehadithia huku anaangalia saa. Akaacha kuongoza. Toofan ya 1989 aliongoza mwanawe Ketan, yeye akatoa pesa, nayo haikwenda.

Nyumbani nako kulishakuwa kimya. Mkewe Jeevanprabha, ambaye jina lake limo kwenye Amar Akbar Anthony kama mwenye stori, alifariki 1979. 1992 Desai akamchumbia Nanda, yule muigizaji wa zamani, wote watu wazima, na habari hiyo watu waliifurahia, ilikuwa kama moja ya picha zake. Mgongo ulikuwa unamtesa miaka. Tarehe 1 Machi 1994 alianguka kutoka roshani ya nyumba pale pale Girgaum, akafariki. Alikuwa ametimiza miaka 57 siku tatu tu nyuma.

Nilipomaliza kusoma hayo nikampigia kaka. Yuko Muscat sasa, dereva, tukipigiana simu huwa tunaongelea pesa na mgongo wa mama. Nikamwambia kaka, unaikumbuka Kuli. Akasema soda yangu iko wapi. Miaka yote hiyo! Nikamwambia subiri kwanza, nikamueleza yote, Bangalore, hospitali, skripti, kwamba aliandikwa afe, kwa hiyo kwa haki mimi ndiye niliyesema kweli, mwenye picha mwenyewe alikuwa upande wangu mpaka ajali ilipotokea.

Akanyamaza kidogo, nikasikia indiketa ya gari inagonga.

"Mdogo wangu," akasema, "sisi pale tulilipa kiingilio kuangalia picha au kuangalia skripti?"

Nimemtumia hela ya soda. Karudisha, anasema bei ya 1991 haitaki, anataka na riba.